Joka la Kanzoka

Katika shule ya misheni, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka Tabora, hapakuwa na mtu aliyependa mpangilio kama Mwalimu Kasimiri. Chaki zake zilikaa kwenye kopo kwa urefu, na watoto wake vivyo hivyo kwenye mstari. Kwa hiyo mwaka 1937, padre alipotaka hadithi za Wanyamwezi zikusanywe ziwe kitabu cha kusomea, kazi ile haikuhitaji kutafutiwa mtu.

Padre alimwambia azigawe mafungu mawili. Siku hizi wasomi huyaita visasili na visakale, na hutamka kwa kukunja midomo. Kasimiri aliwaeleza wanafunzi wake kwa lugha nyepesi. Fungu la kwanza ni la mwanzo wa mambo: kwa nini mauti yalikuja duniani, zimwi gani lilimeza watu wa nchi nzima wakati mbingu ilikuwa bado karibu. Humo hakuna mtu unayeweza kwenda kuuliza ukoo wake. Fungu la pili ni la watu waliokuwepo kweli: mtemi aliyepigana vita, mpagazi aliyefika pwani mara kumi. Humo chumvi yaweza kuzidi, lakini nyama ipo.

"Ukiona kaburi, ni fungu la pili," alisema. "Ukiona mkia na mapembe, ni la kwanza."

Watoto wakaandika. Maskini mwalimu, alijiona amemaliza kila kitu.

Wiki hiyo alikwenda kwa shangazi yake Koleta, dada wa marehemu baba yake. Alimkuta akipepeta mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na daftari, basi huji kula."

Koleta alimsimulia habari za joka la bwawa la Kanzoka, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Lilikuwa na kichwa cha ndama na macho mekundu, na lilimmeza Masolwa, kaka yake, alipokuwa mpagazi wa pembe za ndovu, kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa. Mabruki, mpagazi mwenzake ambaye walikuwa wamechanjiana udugu wa damu, ndiye aliyerudi na habari. Miaka miwili baadaye Mabruki akamwoa Koleta. Pale bwawani palipangwa mawe juu ya shimo ambamo joka liliingia, na kila apitaye aliongeza jiwe moja ili lisitoke tena. Mabruki alikwenda kila mwaka, peke yake, mpaka mwaka aliokufa.

"Andika jina lake," shangazi alisema. "Masolwa. Ni baba yako mkubwa huyo. Hakuacha mtoto, hana wa kumtaja ila mimi."

"Nitaandika, shangazi."

Hakuandika. Aliona aibu, na ndiyo kweli yenyewe. Mwalimu mzima, mtu wa kalamu na shati lililopigwa pasi, baba yake mkubwa kamezwa na joka! Padre angesemaje? Akaanza hadithi kwa "Palikuwa na kijana mmoja," akaitia katika fungu la kwanza pamoja na mazimwi, akalala usingizi mnono.

Kiangazi kilipofika, serikali ilitengeneza barabara upande ule. Nyapara wa barabara, mtu mmoja mpole aitwaye Anselm, alimfuata shuleni.

"Mwalimu, lile rundo la mawe la Kanzoka ni kaburi? Kama ni kaburi tutalizunguka, amri ndiyo hiyo. Kama si kaburi, tutapasua kokoto."

Kasimiri alifungua daftari. Sura ya shangazi ilimjia na ungo wake, akaifukuza.

"Si kaburi. Ni ngano tu ya joka."

"Una hakika? Wazee wanasitasita."

"Nimeandika kwa mkono wangu."

Majuto ni mjukuu, na huyu hakukawia hata siku tatu. Anselm alimwita bwawani, na alipofika aliwakuta vibarua wamesimama mbali, wamevua kofia. Chini kabisa ya mawe palikuwa na mifupa ya mtu, mizima yote, amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa kama ya mwenye homa. Kwenye mkono palikuwa na bangili ya shaba. Karibu na kichwa palikuwa na chungu kidogo cha maji.

Kasimiri alikitazama chungu kile mpaka macho yakamuuma. Mtu aliyemezwa na joka hawekewi maji ya kunywa.

Njia nzima alijiambia amfiche shangazi. Lakini vibarua walikuwa wameona, na habari kijijini hazihitaji baiskeli. Akampelekea bangili mwenyewe. Koleta aliipokea, akaifuta kwa kanga, akapapasa alama tatu zilizochongwa ndani.

"Nilimvalisha mimi," alisema. "Ilikuwa wapi?"

Akamwambia yote, hata chungu.

"Kumbe aliugua," alisema Koleta. "Msafara haukutaka kumngoja. Mabruki akamwekea maji, akamwacha angali hai."

"Lakini alirudi akamfunika, shangazi. Mawe yale ni yeye aliyeanza kuyapanga. Na joka pengine alilisema kwa kukuonea huruma."

"Alijionea huruma mwenyewe. Ndugu wa damu hamwachi mwenzake njiani, na yeye alilijua hilo kuliko mimi." Alijaribu kuvaa bangili, ikakwama kwenye vidole vilivyovimba, akaivua. "Miaka arobaini nilimpikia, nikamzalia, nikamlilia. Nilikuwa na joka la kulichukia, Kasimiri. Sasa nimebaki na mume wangu."

Kasimiri alipiga magoti akaomba msamaha, akaahidi kuliandika jina la Masolwa kwa herufi kubwa, mwanzo kabisa wa fungu la pili. Shangazi alimwomba tu asimwambie mtu, akijua fika kwamba maneno yameshatangulia.

Walizika mifupa Jumamosi. Kesho yake, baada ya misa, wanawake walimwona Koleta akilipita kaburi la Mabruki bila kugeuza shingo, yeye ambaye kwa miaka saba alikuwa hakosi kulifagia. Alikuwa akitembea polepole, ameshika ukuta wa kanisa, na Kasimiri aliyekuwa nyuma yake hakuthubutu kumpa mkono.