Pumzi Kabla ya Ubeti

Diski ile ilinunuliwa Silibwet, kwenye kibanda kilichouza pia betri na kamba za viatu, na dada yangu ndiye aliyeichagua, kwa sababu ya gauni la manjano lililokuwa kwenye jalada. Ilikuwa filamu ya zamani sana ya Marekani, ya nyimbo na dansi, ile aina ambayo mtu akipendwa anaimba, akiachwa anaimba, na hata akitafuta kofia yake anaimba. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilijiona msomi, kwa hiyo niliicheka. Dada alikuwa mchuma chai, na kanisani yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za kwaya. Hakucheka. Kila Jumapili baada ya ibada tulikaa nyumbani kwa mama na chai ya maziwa, binti mdogo wa dada amemlalia magotini, tukaitazama tena.

Mwishoni mwa diski kulikuwa na sehemu ambayo nadhani wanunuzi wengi hawakuwahi kuifikia. Wazee waliketi mbele ya kamera, mmoja mmoja, wakieleza walivyoitengeneza filamu ile ujanani mwao. Nilimtafsiria dada. Fundi wa taa alisema taa zilikuwa kali mpaka poda ikayeyuka kwenye nyuso za waigizaji. Mama mmoja mshonaji alisema gauni la manjano lilishonwa mara tatu, maana mawili yalichanika kwenye ngazi. Mzee mwingine alisema alivaa viatu vyenye vyuma na kupiga hatua zote upya ndani ya chumba cha kurekodia sauti, kwa hiyo miguu tuliyoiona ikicheza haikuwa ile tuliyoisikia. Halafu akaja bibi mwembamba mwenye mvi. Yeye ndiye aliyeimba nyimbo zote za yule mrembo wa gauni la manjano. Aliziimba peke yake katika chumba kidogo, mrembo akaja baadaye kufungua na kufunga mdomo tu. Jina la bibi halikuandikwa popote. Alisema mpaka leo akiwekewa filamu ile hufumba macho, ili ajisikie mwenyewe.

"Wamemwibia," nilisema. "Miaka yote hiyo, hata jina hawajaandika."

Dada alikuwa akimpangusa mtoto jasho. "Si sauti yake imebaki? Hiyo jina ingemsaidia na nini?"

"Angejulikana."

"Wewe ndio unapenda kujulikana," akasema huku akicheka, na alikuwa amenipata.

Mwaka huohuo kwaya yetu ilirekodi nyimbo katika studio moja mjini Bomet. Dada aliongoza wimbo mkubwa, ule ambao kanisa zima lilikuwa likiungoja. Kabla ya kila ubeti alivuta pumzi fupi, ya mtu anayejiandaa kunyanyua kapu lililojaa majani. Fundi wa studio alijaribu kuifuta akashindwa, akaiacha. Wiki saba baadaye nimonia ilimchukua dada yangu kwa siku nne tu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Nilimchukua mimi.

Kwaya haikuwa na uwezo wa kurudi studio, na video ilikuwa bado. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kiti, akizungusha kofia mikononi.

"Mwalimu, wewe mnafanana na yeye," alisema. "Simama tu pale mbele. Mdomo ndio utafuata sauti yake."

Tulipiga picha katika shamba la chai la mzee mmoja wa kanisa, asubuhi, maana sisi wote tulijua mvua ingetufikia mchana. Kulikuwa na mpiga kamera juu ya pikapu, msichana wa kupaka poda, na spika kubwa iliyofichwa katikati ya michai, karibu na miguu yangu. Nilivaa sare ya dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila pumzi ile. Spika ilipowashwa, nilimsikia dada yangu akivuta pumzi chini pale, kwenye majani kama yale aliyokuwa akiyachuma, nikasahau kufungua mdomo. Tulirudia. Kila tuliporudia alivuta pumzi tena, palepale, bila kuchoka. Kwaya nyuma yangu walitabasamu kwa sababu waliambiwa watabasamu. Mara ya tano nikaweza, lakini nilichelewa kidogo, na mpiga kamera akasema inatosha, wingu limeshafika.

Baadaye mwalimu wa kwaya alinipigia simu. Fundi alitaka kuandika majina mwishoni mwa video, na pale penye mwimbaji kiongozi aandike nani?

Nilimwambia aandike langu.

Nilijidanganya kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya mama, ambaye machozi yalimtoka kila jina la marehemu lilipotajwa. Nilitaka mwenyewe. Mimi niliyemwonea bibi wa Marekani uchungu nilichukua jina la dada yangu kabla nyasi hazijaota kaburini, na halikunisumbua koo hata kidogo lilipokuwa likipita.

Niliomba uhamisho, nikaenda kufundisha upande wa Mulot pamoja na mtoto, mahali ambapo hakuna aliyemjua dada. Video ilitufuata. Wenye maduka waliniita mwimbaji. Wazazi wa wanafunzi walinishika mkono, nami niliupokea mkono wao. Nyumbani mtoto alipoomba nimwimbie, nilisingizia kifua. Sijaimba tangu hapo, hata kanisani, maana sauti yangu ingenianika. Nikiandika ubaoni, darasa likiwa kimya, mara nyingine naisikia pumzi ile nyuma ya bega langu. Wanafunzi wanafikiri nimesahau hesabu.

Msichana alikua. Alipopata simu aliuweka wimbo ule pamoja na video yake humo, na alikuwa na kawaida moja niliyoidhani ni ya kutunza kioo: akiucheza, aliilaza simu kifudifudi mezani.

Mwaka huu, akiwa kidato cha tatu, aliporudi likizo niliamua kumwambia. Sikujua pa kuanzia. Nikaitoa diski ya zamani kabatini, nikafuta vumbi kwenye mashine ya kuichezea, tukaketi mchana mmoja mvua ikipiga mabati. Aliicheka filamu nilivyoicheka mimi. Tukawafikia wazee: fundi wa taa, mshonaji, mzee wa viatu. Bibi mwenye mvi alipokuja na kusema habari ya kufumba macho, niliisimamisha picha. Mdomo wangu ulifunguka. Hakuna kilichotoka.

"Mama mdogo," akasema yeye, akiwa bado anamtazama bibi. "Huyu anafumba macho. Mimi nalaza simu."

Nilimuuliza analaza kwa nini, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Ndio nisikuone."

"Ulijua lini?"

"Nikiwa class six. Kwa video kifua yako inapanda wakati sauti imeshatoka." Alisema bila hasira, na ningependelea hasira. "Nikaogopa kukuuliza. Nikasema wacha ningoje aniambie mwenyewe."

Miaka mitano alikuwa amengoja, akila ugali mezani pangu, akinisikia nikisifiwa na majirani. Nilitaka kumweleza habari za mama yangu na machozi yake, nikaona ni uongo uleule. Nilimwambia niliulizwa jina nikatoa langu. Akaitika kwa kichwa. Nikamwomba aucheze wimbo.

Akaiweka simu mezani, kioo chini. Pumzi ikaja.

"Huyo ni mama yako," nikasema.

Hakugeuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya simu.

"Sema tena," akasema.