Chuchu ya Ndama Kwenye Injini

Juzi, katika gereji moja hapa Nakuru, fundi alitaka kupima nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya injini ya lori kuukuu la jeshi, lakini mdomo wa geji ya kupimia ulikataa kuingia kwenye tundu la plagi. Mama mmoja wa Subukia akatoa kikapuni chuchu ya mpira ya kunyweshea ndama maziwa. Fundi akaichomeka katikati, ikakaa sawasawa! Dereva wa lori akazungusha hendeli ya kuwashia injini. Mshale wa geji haukutikisika.

"Pole, mzee. Injini imekufa," fundi akasema.

Dereva akavua kofia.

"Ngojeni kwanza," mama akasema. "Ndama wangu aliitoboa chuchu hii hapa ubavuni, hewa inavuja." Akaziba kitobo kwa kidole gumba. Hendeli ikazungushwa tena, mshale ukaruka, na sisi tuliokuwa tukitazama tukaruka nao!

Siku hizi nikiambiwa kitu kimekufa, nauliza kwanza kimepimwa na nini.