Mapipa Tuliyopewa Ghalani

Siku ya kwanza msimamizi alituuliza ni nani kati yetu ana mimba. Tulikuwa tumesimama mbele ya ghala, wanawake wengi na wanaume wachache, matope yametufika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyeinua mkono. Akacheka. "Haya, mtu asije akaniambia baadaye kwamba sikuuliza." Nilimchukia pale pale, na chuki hiyo sijaiacha.

Ghala lilikuwa la dawa za mashamba: za zabibu, za alizeti, za kuulia magugu. Mvua ilinyesha milimani, korongo likafurika na kupita katikati ya ghala kana kwamba kuta hazikuwapo. Maji yalipopungua yaliacha tope zito la rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake makopo, mifuko iliyopasuka, madumu na mapipa. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kusafisha hakuja na watu wake. Alituma kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mtaani Ipagala, kwenye kona wanakosimama asubuhi wanaotafuta vibarua, nasi tukapanda bila kuuliza ni kazi gani.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, kisha narudi tena. Shule niliiacha kidato cha pili, na Kiingereza nilichonacho nilikipata mwenyewe, kwa simu na kwa kusoma maandishi ya kwenye pakiti: sabuni, betri, dawa za kikohozi. Siwezi kushika kitu chenye maandishi nisiyasome mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla sijashika koleo nilisoma kopo. Lilikuwa na fuvu, na chini ya fuvu waliandika glavu, barakoa, buti, nguo ya kufunika mwili mzima, usile, usinywe. Sisi tulivaa kandambili. Mikononi tulijifunga mifuko mitupu ya unga wa sembe kwa kamba za katani. Msimamizi ndiye aliyekuwa na buti, na glavu mpaka kwenye viwiko, na barakoa yenye vichujio, ambayo aliivua tu alipotaka kutufokea.

"Bosi," nikamwambia, "hapa wameandika tuvae glavu."

"Nani kakuuliza?"

"Wameandika, bosi. Na barakoa."

"Jamani, tumeletewa mwalimu!" Akawageukia wenzangu. "Mwalimu, koleo lako lile pale. Ukimaliza kusoma ghala zima, uje unisimulie."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, na hicho kicheko changu kinaniudhi kuliko chao.

Nilichota tope pamoja na jirani yangu, mpangaji wa chumba kinachopakana na chetu. Nilimwita dada kwa kuwa alinizidi umri. Alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa anaanza kutembea, ambaye tulimwacha kwa mama yangu kila asubuhi. Dada alitoka Chemba, na alipozungumza na mama yake kwa simu lugha yao ilikuwa na vidoko, ile milio ya kudokoa kwa ulimi, katikati ya maneno. Siku moja wakati wa mapumziko msimamizi alimsikia.

"Hebu tupigie tena hivyo vidoko, mama. Kama unaita mbuzi."

"Mbuzi ameshaitika," dada akasema, akiifunga simu kwenye kanga. "Si huyu anaongea?"

Tulicheka mpaka tukakohoa. Baada ya mapumziko msimamizi alimpeleka dada kwenye kona ya nyuma kabisa ya ghala, pasipo na dirisha, mifuko ilikopasukia kwa wingi, na hakumtoa huko tena hadi kazi ilipokwisha. Alipokuwa akitoka nje jioni macho yake yalikuwa mekundu, na alitema mate kila baada ya hatua chache kwa sababu mate hayakukoma kujaa mdomoni.

Maji ya kunawa hayakuwapo. Boza la maji lilikuja, lakini lilikuwa la kuoshea sakafu. Badala yake mchana tuligawiwa maziwa ya pakiti. "Kunyweni, maziwa yanakata sumu," msimamizi alisema, kwa sauti ya mtu anayetufanyia hisani. Sote tumekua tukisikia hivyo, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Tulirarua pakiti kwa meno, kwa mikono ile ile. Nilikuwa nimeshasoma kwenye kopo kwamba usinywe. Nilikunywa, maana nilikuwa na njaa na niliogopa kuitwa mwalimu tena.

Tulipomaliza tope, mapipa na madumu matupu yalitolewa nje. Niliyapanga mimi, kwa ukubwa, midomo upande mmoja. Hakuna aliyeniagiza, siwezi kuona vitu vimekaa shaghalabaghala. Nikiyapanga nilisoma ubavuni mwa kila moja maneno yale yale: chombo kikiisha kitobolewe, kisitumike tena kwa kitu chochote. Nyuma yangu msimamizi alikuwa akizungumza kwa simu, akilalamika juu ya lori la kuyapeleka mapipa yanakotakiwa kuteketezwa, kwamba lori hilo halina mtu wa kuligharamia. Alikata simu, akayatazama mapipa yangu yaliyonyooka. Kisha akapiga makofi.

"Akina mama! Haya yote ni yenu. Nyongeza. Mkandarasi anawapenda."

Anayeishi penye maji ya kila siku hataelewa vurugu iliyofuata. Kwetu bomba hutoa maji siku linapojisikia, na siku hiyo mwenye pipa kubwa lenye mfuniko ndiye anayelala bila mawazo. Watu walisukumana. Mwanamke mmoja alikalia dumu lake kabisa ili lisichukuliwe. Nilipaza sauti kwamba yana sumu, kwamba yameandikwa, na mzee mmoja aliyekuwa amekumbatia mawili akaniambia, "Mjukuu wangu, kama huna shida ya maji, tupishe sisi tulio nayo." Dada alipata pipa la bluu, zima, halina hata ufa. Dereva wa kirikuu, ambaye siku zote alitukataza hata kupakia kuni, safari hii alitusaidia kupandisha mapipa na kuyafunga kamba. Walitaka yaondoke. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko tope lote: taka walizolipwa kuziteketeza walitubebesha sisi tukazihifadhi majumbani, nasi tukawashukuru.

Dada alilisafisha pipa jinsi wanavyosafisha kibuyu cha maziwa kwao. Alitia kokoto na majivu ya moto na maji kidogo, akalilaza, akaliviringisha uwanjani huku na huku, akamwaga, akarudia. Alifanya hivyo mpaka jua likazama, na kesho yake akaanza tena.

"Dada, plastiki si kibuyu. Inakunywa dawa, haitoki."

"Imekuambia?"

"Nimesoma."

"Kwenye simu iliyopasuka kioo." Akainamisha pipa upande wangu. "Njoo unuse. Nusa, mwalimu. Kuna nini?"

Nikaingiza kichwa. Palinuka majivu tu. Kwao harufu ikiisha chombo kimekubali, na harufu ilikuwa imeisha kweli. Nilitoa kichwa nikiwa sina hakika tena. Nililala nikiyarudia maneno ya kwenye lebo kichwani, nikijiuliza kama nilitafsiri vibaya, kama "kitobolewe" ilikuwa "kifunikwe", kama nilikuwa mtu mjuaji tu anayemwonea jirani yake wivu kwa sababu mimi nilirudi mikono mitupu. Asubuhi nilikwenda kulisoma tena. Nilikuwa sijakosea.

Maji yalitoka siku iliyofuata. Uwanja mzima ukajaa ndoo na kelele. Dada alilijaza pipa lake hadi juu, akasimama akilitazama kama mtu aliyejenga. Mtoto wake alikuja akiyumba, akashika ukingo wa kanga yake, akasema "maji". Dada akachota kikombe.

Niliingia ndani nikachukua msumari mrefu na jiwe la kusagia. Sikufikiri. Mimi ambaye hufikiria hata namna ya kugonga mlango wa mtu, nilichuchumaa nikaligonga pipa karibu na kitako, mara moja, likatoboka. Maji yakaruka kwa nguvu yakanilowanisha kifua. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Kwa mshtuko alikiachia.

"Wewe!" Kwanza aliweka kiganja kwenye tundu, maji yakapita katikati ya vidole. Kisha akapiga kelele. Majirani wakaja. Mwanamke wa chumba cha mwisho akasema nimelogwa na vitabu. Mama yangu akatoka na mwiko mkononi, akauliza nani atalipa.

"Ningekuambia mara ngapi?" nikasema. "Mtoto angekunywa."

"Mbona yeye hukumtoboa?" dada akasema.

"Nani?"

"Yeye. Kule ulimwita bosi, bosi wameandika, bosi naomba. Alinitupa kwenye ile kona, ukaendelea kuchota tope. Msumari umeuleta kwangu mimi."

Maji yalipita miguuni mwetu yakaenda mlangoni mwa mwenye nyumba, na watu wakasimama wakiyatazama yakipotea, maana hakuna aliyejua yatatoka tena lini.

Nikaenda kwenye pipa letu. Lilikuwa la mafuta ya kula, mama alilinunua kabla sijazaliwa, nalo lilikuwa limejaa. Nikaliinamisha, nikaanza kuliburuza kwenye kitako chake kuelekea mlango wa dada.

"Pipa langu hilo!" mama akasema. "Umerukwa na akili? Sisi tutakunywa nini?"

"Ndoo zipo, mama."

Alinipiga na mwiko begani, si kwa kutania. Niliendelea kuburuza.

Dada alisimama mlangoni, mtoto kiunoni. Alitazama pipa, akanitazama mimi. Aliokota kikombe chake chini, akakipangusa kwa kanga, akanipa.

"Onja."

Huku kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza, kuondoa shaka, na kwa kawaida watu hufanya hivyo wakicheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilichota nikanywa kikombe kizima mbele ya uwanja mzima. Alitazama koo langu hadi nilipomeza funda la mwisho, kisha akaendelea kunitazama, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ndipo akachukua kikombe, akachota, akampa mtoto.

"Kwangu usije tena," akasema bila kuinua macho.

Mtoto alikunywa yote, akanyoosha kikombe aongezewe.