Mlango wa Stoo na Mgongo wa Chande

Mlango wa stoo yangu ulikaa kwenye bawaba miezi miwili tu. Siku moja narudi kutoka mtoni, nakuta mbuzi wa jirani wako ndani wanatafuna mtama. Nikauliza, mlango uko wapi?

"Nimeuazima, Mama Zulaika," akasema mume wangu, Chande. Kuazima! Mtu anaazima mlango wake mwenyewe!

Chande alikuwa hamali hapa Malaba tangu kabla sijamjua. Kila gunia la chumvi lililoshuka kwenye lori lilipitia mgongoni kwake, na mwaka wa sabini na nne mgongo ukagoma. Kuacha kazi hakukumliza. Kilichomliza ni kuswali kwenye kiti nyuma ya safu, pamoja na wazee wasio na meno, naye hajafika hamsini. "Nataka kuweka paji la uso chini, Zaitun. Idi moja tu." Haya, ukiambiwa hivyo utajibu nini?

Ndipo dereva mmoja wa Mombasa akamwambia ameona mtu akitibiwa mgongo kwa kuning'inizwa kichwa chini. Basi! Barasa seremala akaitwa: nguzo mbili, bomba la chuma katikati ya mlango wangu, mikanda ya tyubu ya baiskeli ya kufungia miguu. Unajilaza, unainua mikono, mlango unageuka, miguu juu. Nikamwambia anafanana na kuku anayepelekwa sokoni Matayos.

Na jamani, ulisaidia! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Siku ya nne alishuka pale, akatandika mkeka, akasujudu. Paji la uso likagusa chini. Aliinuka analia, na mimi nalia, wajinga wawili.

Wiki mbili baadaye akaanza kuona maduara ya rangi kuzunguka taa, nikamburuta hadi dispensari. Sista Roselida akampima presha, akammulika macho kwa tochi.

"Mzee, ule mlango unavuta mifupa kidogo, unapata nafuu ya saa chache. Hautibu. Na ukining'inia, damu inajaa kichwani. Presha yako iko juu, na hili jicho la kushoto silipendi kabisa. Mwenye macho kama haya haning'inii. Mgongo unyooshe ukiwa umelala kitandani, tembea kila siku. Na uende hospitali kubwa wiki hii hii, jicho likizimika halirudi."

"Nimesikia, sista."

Alisikia! Nikaurudisha mlango stoo kwa mikono yangu. Jumatano nikaenda sokoni, niliporudi nikamkuta ana alama za mikanda vifundoni. Hizi ni nini, Baba Zulaika? "Soksi zinabana." Soksi! Mtu hajavaa soksi tangu anioe! Nikafoka, nikalia, nikamtisha kwamba nitarudi kwetu. "Hospitali nitaenda baada ya Idi," akasema. "Niache nifike Idi." Kichwa kigumu namna gani hiki, nami nitakikata?

Idi ikafika. Akavaa kanzu nyeupe, akasimama safuni wima kuliko vijana, akasujudu na wenzake. Alipogeuza uso kulia kutoa salamu, akamwona aliyekaa naye. Alipogeuza kushoto hakuona mtu, na Ayub ndugu yake alikuwa ameketi pale pale, bega kwa bega.

Alinieleza mlangoni, hata pilau sijapakua. "Mama Zulaika, upande wa kushoto ni giza." Nikaacha pilau sufuriani, nikamshika mkono, tukaenda kutafuta gari.

Hospitali kubwa waliokoa jicho la kulia. Mlango uko stoo, nimeupigia misumari. Na mgongo? Ulirudi kuuma kabla ya mwezi kwisha. Sasa yuko kwenye kiti tena, nyuma ya safu, mwisho kabisa upande wa kushoto, ili akigeuza uso kushoto asiwe na mtu wa kumkosa.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamwuliza, hivi Baba Zulaika, ulipata nini?

"Niliswali Idi safuni," akasema, na akatabasamu, mtu huyu!