Mama Zarina Aliulizia Daftari la Wahindi

Kazi ya uchaguzi niliianza kwa kiapo. Mwaka 1995, nchi ilipokuwa inajiandaa kwa uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, baadhi yetu walimu tuliitwa Mpanda kuwa makarani waandikishaji. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Tuliapa mbele ya hakimu kutunza siri na kutopendelea. Mimi nilikuwa pia katekista wa kigango, nimezoea kuandika majina ya wabatizwa, nikadhani kazi ni ileile.

Mkuu wetu alikuwa Afisa Mwandikishaji, mtu wa maneno machache. "Walimu, nyie mtauliza mambo matatu," alituambia. "Ni raia? Umri umetimia? Anakaa hapa? Mengine ni umbea."

Nilipangiwa kwanza Sibwesa, ambako wakulima walipitia kituoni majembe yakiwa begani. Kisha nikahamishiwa mjini, katika darasa moja karibu na stesheni ya reli. Hapo ndipo alipofika Mama Zarina, muuza vitambaa, mama wa makamo. Alisimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, daftari la Wahindi liko wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania. Vijana mnaosoma haya hamkuuona uchaguzi wa kura tatu. Wakati wa mkoloni, katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Tena hakupiga kura ila mwenye elimu, kipato au cheo kilichotakiwa. Baada ya uhuru masharti hayo yaliondolewa, kila raia mtu mzima akawa na kura. Lakini Mama Zarina alibaki na masimulizi ya baba yake kuhusu kiti cha Wahindi. Kiti hicho kilipofutwa, akaamini na kura yake imefutwa. Miaka yote ile hakuwahi kupiga hata mara moja. Sasa aliposikia vyama vingi vimerudi, alidhani na daftari la Wahindi limerudi.

"Daftari ni moja tu, mama," nikamjibu.

"Na mimi naingia humo?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana aitwaye Masanja akasimama. Alikuwa wakala, yaani mtu aliyewekwa na chama chake kuangalia kazi yetu. "Naweka pingamizi! Huyu ana kwao. Akishachagua atapanda ndege, sisi tubaki na mbunge wake!"

Bibi mmoja Mkonongo, mwenyeji wa Mpanda, akadakia kutoka kwenye foleni, "Ndege gani, wewe? Kwao ni pale dukani, anakonipunjia kitenge!"

"Bibi, nimekupunja lini?" Mama Zarina akamgeukia. "Wewe ndiye unayenenepa!"

Watu wakacheka tena. Lakini pingamizi halikuwa mzaha. Kama lingekubaliwa, asingepiga kura, na mji mzima ungejua kwamba alizaliwa humo akiwa mgeni.

Uamuzi haukuwa wangu. Kesho yake Afisa Mwandikishaji alikuja akaketi kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakimfika kifuani.

"Ushahidi wako, kijana?"

"Mheshimiwa, si unamwona mwenyewe?"

"Namwona. Ushahidi?"

Afisa akamgeukia mama. Mama Zarina alisema amezaliwa Mpanda, baba yake akiwa fundi mgodini, na baba huyo alizaliwa Tabora. Wazee wawili wa mtaa wakathibitisha, na kwa sheria ya uraia hayo yalitosha.

"Na wewe, Masanja, umezaliwa hapa?"

"Hapana, mheshimiwa. Shinyanga. Tulikuja na ng'ombe wa baba."

"Kuna aliyekuuliza kwa nini umekuja?"

"Hakuna."

"Basi. Wewe ni raia, na huyu ni raia. Pingamizi limekataliwa. Mwalimu, andika."

Niliandika. Katekisimu ilikuwa imenifundisha tangu utoto kwamba sote tuna Muumba mmoja. Siku ile niliona serikali nayo ikiliungama jambo hilo, kwa namna yake.

Siku ya kupiga kura mimi nilikuwa karani kituoni, na Masanja wakala. Nililisoma jina la Mama Zarina kwa sauti, kama utaratibu ulivyotaka, nikasubiri kuona kama atapinga tena. Masanja alimtazama, akavuta miguu yake kumpisha. "Pita, mama," akasema. "Ila usimchague wa kwetu kwa kunihurumia."

"Nani akuhurumie wewe?" akajibu, akachovya kidole kwenye wino.

Nilisimamia chaguzi nyingine kadhaa hadi nilipostaafu. Sasa nina muda wa kusali bila haraka, na nikihesabu neema za Mungu, ile jioni ya 1995 huwa haikosi. Tulimimina kura mezani mbele ya mawakala wote, tukaanza kuzikunjua. Niliitafuta kwa macho kura ya Mama Zarina. Sikuweza kuitambua.