Siku Nilipompima Mama Habiba Koo

Mkasa huu hata mke wangu sijamsimulia, na mkinicheka sitakuwa na la kusema, maana nilijitakia mwenyewe. Miaka ya tisini, nikiwa klinikal ofisa mpya Garissa (kichwa kikubwa, stethoskopu shingoni hata nikienda sokoni), niliambiwa nimpime Mama Habiba, aliyepata kiharusi chepesi kikamwacha na mdomo uliopinda, tujue kama anameza salama. Akishindwa angepitishiwa mpira wa kulishia puani, jambo ambalo binti yake Sahra aliliogopa mno. Sahra ndiye alikuwa akinitafsiria Kisomali. Nikamtoa nje. Jamaa wa wagonjwa hunivuruga, na koo, nilisema, halihitaji mkalimani.

Basi nikampa mama kikombe cha maji, akapiga funda, akayazungusha kinywani, akayatema kwenye beseni, nikampa tena, akatema tena huku akinitabasamia na kuonyesha juu kwa kidole (amechanganyikiwa, nikasema moyoni), uji akaukazia midomo, na nilipomgusa koo nione kama linapanda, akanichapa mkono. Nikatoka kifua mbele kumwambia daktari wa wodi kwamba koo limepooza, hamezi hata tone.

Daktari akaja na wanafunzi wauguzi, mpira ukapakwa jeli, Sahra akaangua kilio mlangoni.

"Wallahi hooyo, mama yangu, jana usiku alikula wali!"

"Dada, kiharusi hakijali ya jana," nikamjibu, mpira mkononi.

Hapo adhana ya Magharibi ikalia. Mama akausukuma mkono wangu, akatoa tende chini ya mto, akasema bismillahi, akatafuna, akameza, akashushia kikombe kizima cha maji bila kukohoa.

"Hooyo! Kumbe umefunga sita!" Sahra akapiga kelele, analia na kucheka. "Daktari, ni zile saumu za siku sita baada ya Idi. Mimi nilimkataza, nikafikiri amesikia!"

"Ofisa," daktari akasema, "ulimwuliza?"

Mama akaniwekea tende kiganjani. "Wewe bia meza," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kisichojua kutamka "p". "Bole bole. Sisi naangalia."

Nikameza, wodi nzima ikinitazama, tende ikanipalia, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na aliyenipiga mgongoni ni mgonjwa wangu mwenyewe. Niliona aibu, jamani, sijapata kuona tena. Kupima koo najua, msinielewe vibaya, ila tangu siku ile siligusi la mtu kabla sijaambiwa alikula lini, na mkalimani simtoi nje hata alie vipi.