Mwisho wa "Kilimia"

Bramwel ni karani wa bandarini, na huu ni mwaka wa nane anapiga gitaa katika bendi ya Vimondo. Muziki wao ni roki ya anga: gitaa linalia kwa mwangwi kama linatoka nyuma ya nyota, na wimbo mmoja unaweza kumaliza birika zima la chai. Harusini hawatakiwi. Hotelini hawatakiwi. Hakuna kampuni iliyowahi kuwashika mkono, kila kitu hujifanyia wenyewe.

Mazoezi huyafanyia Kuze, mtaa wenye misikiti, katika chumba cha chini cha nyumba ya Bi Swafia, aliyewapa kwa sharti moja: adhana ikilia, zima. Wanabendi wote watatu ni Wakristo kutoka bara, lakini sharti limewaingia mwilini. Mkono hufika kwenye swichi kabla ya akili.

Mwaka jana walimpata Sheryl, fundi wa kurekodi kutoka Nairobi, kwa Jumapili moja tu, na jioni awahi treni. Wimbo ulikuwa "Kilimia", jina la kundi la nyota. Bramwel aliutunga baada ya kumzika mamake, na mwisho wake, pale gitaa linapobaki peke yake, ndio aliotaka watu wausikie. Kwingine kote, alisema, ni njia tu ya kufika hapo.

Basi si angeanza mapema? Bramwel alishinda akigeuzageuza vitufe vya gitaa lake. Mutanu, mpiga besi, akamsihi waanze.

"Kawia ufike," akajibu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nasema mimi. Walipoanza walipiga vizuri kuliko siku zote, wakaukaribia mwisho, na adhana ya alasiri ikalia. Wakazima wote watatu. Hata Bramwel! Walipomweleza Sheryl kwamba wimbo haujaisha, alikuwa anakunja nyaya. Treni haimngoji mtu.

Mutanu alipouweka mtandaoni, watu waliupenda, na walichokipenda hasa ni kule kukatika ghafla. Eti ujasiri. Eti falsafa! Bramwel alitamani kwenda kulitupa gitaa jaani Kibarani. Akaomba warekodi upya, lakini Crispus wa ngoma akakataa.

"Ndugu yangu, miaka yote hii hakuna aliyetusikiliza. Leo wametusikia, nawe wataka kuwasahihisha?"

Mwezi uliopita walialikwa kupiga ukumbini Bondeni, na kwa mara ya kwanza ukumbi ukajaa. Walipofika pale pa kukatika, wenzake waliacha. Bramwel akaendelea peke yake. Makofi na vifijo vikamfunika, hata mwenyewe asisikie anachopiga. Akazima kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata, mazoezini, wakakata pale pale, wakazima. Bramwel hakubisha tena. Mara dirisha la juu likafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Bi Swafia, ambaye tangu wahamie hakuwahi kusema neno jema juu ya kelele zao.

"Nyinyi wanangu, mna nini? Adhana bado. Mbona mwaniata njiani, sijafika? Ule mwisho mliokuwa mkiupiga u wapi?"

Bramwel aliinamia gitaa lake akalia hata swichi akaikosa. Mutanu ndiye aliyemwashia.